Uyoga wa Oili Chafu

Kwetu sale halikataliwi. Hata kama umenichomea nyumba, ukija umeshika jani la sale mkononi sina la kusema. Napokea, nameza hasira yangu, tunakaa chini tunakunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, na jambo limekwisha. Ni jani refu la kijani la mmea uleule tunaoupanda mipakani na makaburini, mmea sugu, maana ukichomeka kijiti chake hata penye changarawe kitashika tu. Tangu nizaliwe nimeona sale likikataliwa mara moja, na aliyelikataa ni mama yangu mzazi.

Kihamba chetu, shamba la ukoo tunaloishi humohumo, kiko upande wa Mwika, chini ya barabara ya kwenda Rombo. Kinateremka kama vihamba vyote vya mlimani: juu, pembeni mwa barabara, palikuwa na mibuni ya baba, katikati migomba, chini kabisa nyumba na zizi la ng'ombe. Baba alipofariki, mwanzoni mwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa milango, tulimzika katikati ya migomba, karibu kabisa na mibuni yake. Aliomba mwenyewe alazwe pale ili asikie watu wakichuma kahawa. Masikini baba, hakujua kwamba muda si mrefu hapatakuwa na wa kuchuma.

Nyumba na kihamba vilibaki kwa mdogo wangu wa mwisho. Ndiyo desturi yetu, kitindamimba ndiye anayebaki na mama. Mimi nilikuwa Moshi mjini nafundisha baiolojia sekondari, nimeshaolewa na kuachika, na nilikuwa napanda nyumbani mara kwa mara kumwona mama na kugombana na mdogo wangu. Tuligombana kwa sababu tulipendana, na kwa sababu mimi nina mdomo. Yeye hakuwa nao. Ukimfokea alikuwa anatabasamu, anafuta mikono yake kwa kitambaa, anakuuliza kama umekula.

Kahawa ilikuwa imeshatutupa mkono. Chama cha ushirika hakikuleta tena dawa ya kunyunyizia, wanunuzi binafsi walikuja na mizani yao na maneno yao matamu, na mwisho wa msimu mtu alibaki anajiuliza amefanya kazi kwa ajili ya nani. Huku nyuma barabara ilijaa magari. Kila kitu kilikuwa kinapita Himo, njiapanda iliyo chini yetu: mahindi, mitumba, saruji, vitunguu vya Kahe, na malori mabovu ya kuvibeba. Mdogo wangu alikuwa fundi wa kuzaliwa. Aliweza kusikiliza injini ikiwa bado mbali barabarani akakwambia inaumwa nini. Basi akang'oa mibuni iliyokuwa pembeni mwa barabara, akafungua gereji.

Nilipokuta mibuni ya baba imelala mizizi juu, nilimwambia maneno ambayo siyarudii hapa. Mama ndiye aliyeninyamazisha.

"Mwache mwenzio," alisema. "Mibuni haimlishi. Wewe unalishwa na serikali, yeye anilishe mimi nini?"

Na kweli alimlisha. Jioni alirudi na mkate kutoka Himo na majani ya chai, na mama alimfulia ovaroli lake kwa majivu na sabuni ya kipande huku akilalamika kwa raha. Lori likilala pale gereji kwa matengenezo, dereva alikula ndizi kwetu. Nyumba ilichangamka. Nilianza kuzoea, hata nikaacha kutazama mahali pale ilipokuwa mibuni.

Oili chafu aliimwaga kwenye shimo alilolichimba nyuma ya gereji. Hakufanya hivyo kwa ubaya. Mafundi wote wa barabara ile walifanya hivyohivyo, na watu walikuja na makopo kuomba oili hiyo wapake nguzo zao zisiliwe na mchwa. Mwaka hadi mwaka shimo lilipokea, na ardhi ilikunywa kimya. Halafu zikaja mvua za El Nino. Nani wa mlimani asiyezikumbuka? Barabara ziligeuka mito. Shimo lilijaa maji, oili ikapanda juu, ikafurika, ikateremka na maji kwenye migomba mpaka ikafika mahali palipodidimia ikatulia. Mahali palipodidimia palikuwa kaburi la baba, kwa sababu tulikuwa bado hatujalijengea na udongo wake ulikuwa umeshuka.

Mvua ilipokatika tukaona. Tuta la kaburi lilikuwa jeusi, linang'aa. Masale tuliyoyapanda kichwani mwa kaburi siku ya mazishi yalikuwa yameanza kuoza shinani. Migomba iliyozunguka ilinyauka mmoja baada ya mwingine, na mama alipokata majani ya pale kumpelekea ng'ombe, ng'ombe alinusa akageuza kichwa. Harufu ilikuwa ya gereji. Ukisimama pale ukifumba macho ungesema uko chini ya lori, siyo kwa baba yako.

Mama hakupiga kelele, na hilo ndilo lililotutisha. Alikaa kimya kuanzia Kwaresima mpaka Pasaka ikapita. Alimpikia mdogo wangu, alimfulia, lakini hakumsemesha.

Mwishoni baba mkubwa, kaka yake baba, akaitisha kikao cha familia. Tulikaa uani. Mdogo wangu alikuja ameoga, amevaa shati la kanisani, ameshika jani la sale kwa mikono miwili. Alipiga magoti mbele ya mama.

"Mama," alisema, "nimekosa. Nimemkosea baba na nimekukosea wewe. Naomba unisamehe."

Mama alilitazama lile jani. Mikono yake ilikaa mapajani, haikunyanyuka.

"Uliyemmwagia oili si mimi," alisema. "Mimi nimekaa hapa na gauni langu safi. Mpelekee mwenyewe kule alikolala."

"Shemeji," baba mkubwa alisema kwa sauti ya chini, "sale halikataliwi."

"Sijalikataa, shemeji. Nimemwelekeza mwenyewe alipo."

Mbege ilikuwa tayari, imekaa kwenye ndoo, na hakuna aliyeigusa. Mdogo wangu aliinuka, akaenda mpakani akakata kijiti kizima cha sale chenye majani yake, akakichomeka kichwani mwa kaburi la baba, kwenye udongo ule mweusi. Aliinamisha kichwa. Nadhani alikuwa anaomba. Halafu akaenda gereji.

Kila asubuhi, kabla ya kufungua kazi, alipitia pale kulitazama lile sale. Majani yalianza kuwa ya njano kwenye ncha. Alilimwagilia maji. Njano ikateremka. Nilipopanda siku moja nilimkuta amelishika mkononi, amelichomoa, na mwisho wake ulikuwa mweusi, laini, unanuka oili.

"Baba amekataa," aliniambia.

"Acha ujinga," nilimwambia. "Siyo baba, ni oili. Udongo umeziba, hauna hewa, mizizi itatoka wapi?"

"Dada, sale linakufa wapi? Umewahi kuona sale likifa?"

Nilikuwa sijawahi kuona. Kabla ya kiangazi kwisha alifunga gereji, akapanda lori la mteja wake, akaenda Tunduma, mpakani na Zambia. Hakuaga kwa ugomvi. Alimwachia mama kuni zimepasuliwa na zizi limezibwa matundu.

Ndipo mama akaniambia. Tulikuwa tunamenya ndizi jikoni, akaacha kisu. "Nilifikiri litashika," alisema. "Masale yanashika popote. Nilitaka ahangaike siku mbili tatu, alitazame, ajue uchungu wangu. Halafu lishike, yaishe, tunywe mbege. Mimi sikujua kwamba litakufa."

Nimelifikiria jambo hili miaka mingi. Mama hakukataa kumsamehe mwanawe. Alimkabidhi kwa mmea ambao haujawahi kumwangusha mtu, na mmea ukaangushwa na oili.

Krismasi ya mwaka ule ndugu walipanda wote, isipokuwa yeye. Mtu asiye wa kwetu hawezi kuelewa Desemba ya mlimani. Waliotawanyika Dar, Arusha, Mwanza, kila mmoja anarudi kihambani kwao na mizigo, hata mwenye madeni anaazima shati. Mbuzi alichinjwa, kila mtu akapewa nyama yake. Mama akaitenga ya kitindamimba kwenye bakuli akaifunika. Ilikaa mpaka ikaharibika, akaenda kuimwaga mwenyewe. Mwaka uliofuata akaitenga tena.

Kila mvua ilipoanza alichomeka kijiti kipya cha sale kichwani mwa kaburi. Kila kimoja kilikufa. Alifanya hivyo bila kumwambia mchungaji wake, maana mchungaji hakupenda mambo ya masale. Mimi nilimwambia, "Mama, hapo hapatashika kitu, ni oili." Akanijibu, "Najua ni oili. Na mwanangu atarudi lini?" Kwake hayo yalikuwa swali moja.

Sasa nieleze uyoga ulivyoingia.

Mshahara wa mwalimu wa miaka ile ulikuwa wa kuchekesha, na kila mwalimu alikuwa na chake cha pembeni. Wengine walikaanga maandazi. Mimi na wanawake wenzangu wa kanisani tulilima uyoga kwenye chumba cha nyuma, ule mweupe-kijivu unaoota kwa matabaka, unaouzwa hotelini. Alikuja mtaalamu kutoka Morogoro kutufundisha. Katika mazungumzo yake, kwa kupita tu, akasema kwamba nyuzi nyeupe za uyoga huu, zile zinazotambaa ndani ya majani kabla uyoga haujaota, zinakula mbao kwa kutoa maji yanayokatakata kile kinachofanya mti uwe mgumu. Maji hayo hayachagui sana. Zikikuta oili au dawa za sumu kwenye udongo, zinazikatakata pia. Nje huko, alisema, watu wameshazijaribu kusafishia ardhi.

Wenzangu waliendelea kuuliza kuhusu soko. Mimi nililitua beseni langu la majani nikatoka.

Nilimngojea nje nikamweleza habari ya kaburi. Alinisikiliza kwa heshima. Alisema oili italika, lakini polepole, na siyo yote, na chini kabisa nyuzi hazitafika kirahisi. "Halafu kuna vyuma vilivyotoka kwenye injini," alisema. "Hivyo haviliwi na kitu. Vitaingia kwenye uyoga wenyewe. Ukiota ung'oe, usile, usimpe ng'ombe."

Nilimpelekea mama habari hiyo Jumamosi.

"Uyoga?" alisema. "Juu ya mume wangu? Watu watasema nimeanza kuoza ningali hai." Alicheka, na ilikuwa muda mrefu sijamsikia akicheka. Halafu akawa makini. "Sale litashika?"

"Sijui, mama."

"Wewe ni mwalimu au si mwalimu?"

"Ni mwalimu. Ndiyo maana nasema sijui."

Akaenda kuleta jembe.

Mara ya kwanza tulishindwa, na aliyetushinda ni mlima wenyewe. Sisi watu wa huku, kitu chochote kikiugua ardhini tunakipa samadi. Mgomba unadhoofika, samadi. Mbuni unapauka, samadi. Mimi niliondoka Jumapili nikiwa nimechanganya mbegu za uyoga vizuri na majani makavu ya migomba. Mama aliona vile vijiuzi vyeupe ni vidogo, akavihurumia, na kila jioni akavimwagia samadi mbichi kutoka zizini. Niliporudi, palikuwa panafuka joto, funza wamejaa, na nyuzi zimekufa zote.

"Mama, umewashibisha mpaka wamekufa," nilimwambia.

"Watu wako wana tumbo dogo," alisema, lakini uso wake ulikuwa umeanguka.

Baba mkubwa alikuwa amesimama pale na fimbo yake. "Maji yakimwagika hayazoleki," alisema.

"Shikamoo, baba mkubwa. Haya siyo maji. Oili inazoleka, ndiyo hii tunaizoa."

Tulianza upya. Tulichemsha majani ya migomba, magunzi ya mahindi na vumbi la mbao kwenye pipa, tukayaacha yapoe, tukachanganya na mbegu. Tulikwatua udongo mweusi wa kaburi na pembezoni mwake, tukauvunjavunja, tukaupanga kwa matabaka, udongo, majani, udongo, majani, tukafunika na kuzungushia fito kuku wasichakure. Baba mkubwa hakupenda tuguse kaburi, lakini alikuja kushika fito. Kila Jumamosi nilipanda. Mama alikagua kila siku, akiinua jani moja pembeni kama anayechungulia sufuria, na nilimsikia akizisemesha zile nyuzi kwa Kichagga, akiziambia zile tu, zishibe, zisione aibu.

Zilikula. Utando mweupe ulitambaa, ukaingia kwenye mabonge meusi, ukayashika. Baada ya muda ule mng'ao wa oili ukawa haupo, na udongo ukawa unavunjika mkononi. Halafu uyoga wenyewe ukaota, mwingi, mkubwa, mzuri kuliko ule tuliouuza mjini. Nilipouona nilikasirika. Sikuelewa kwa nini kitu kizuri namna ile kiote pale na mtu asikile.

Kwa mama ulikuwa msalaba. Kihambani kwetu hakitupwi kitu: shina la mgomba analipata ng'ombe, samadi ya ng'ombe inaupata mgomba, na mgeni hatoki bila kubeba chochote. Sasa mama huyuhuyu alikuwa anang'oa chakula na kukitumbukiza kwenye pipa kuukuu la gereji na kukifunika. Jirani mmoja alimwona.

"Mama, unatupa chakula na sisi tunapita na njaa?"

"Ni sumu, mwanangu."

"Sumu inanona hivyo?"

Wakasema ni mchoyo. Wengine wakasema anapika mambo yake gizani. Mama, aliyelisha madereva wasiojulikana, aliyavumilia hayo, na alinikataza nisimjibu mtu. Niliwajibu wawili watatu hata hivyo.

Tuliendelea hivyo kiangazi na mvua, tukiongeza majani na mbegu kila yalipokwisha. Jumamosi moja nilimkuta mama ananingoja barabarani, kiganja amekifumba. Alikifumbua. Ndani palikuwa na nyungunyungu mmoja, mwekundu, anajikunja.

"Ametoka kwa baba yako," alisema.

Masika yalipoanza alichomeka kijiti cha sale kichwani mwa kaburi. Mimi sikukitazama. Nilipopanda nilipita kwa upande mwingine, nikamwambia naenda kumwona ng'ombe. Mwishowe mama alinishika mkono akanipeleka kwa nguvu. Katikati ya majani ya zamani lilikuwa limechomoza jani jipya, jembamba, limejikunja bado. Mama alikaa chini pale pale kwenye udongo akalia kwa sauti, na mimi nikalia pamoja naye. Udongo ulinukia udongo.

"Mwiteni," alisema.

Niliteremka Himo nikaongea na madereva wa malori ya masafa marefu. Wengi walimfahamu. Niliwaambia, mkimkuta Tunduma mwambieni hivi: mama anasema sale limeshika. Walicheka, wakadhani ni mafumbo ya mahari. Lakini dereva mmoja, mtu mzima wa kwetu, hakucheka. Akarudi na jibu.

"Nimemkuta gereji. Nimemwambia kama ulivyosema."

"Akasemaje?"

"Alifuta mikono. Akaniuliza kama nina uhakika. Halafu akasema sawa."

Mama alipokea hilo 'sawa' kama barua nzima. Alifagia chumba cha mwanawe, akaanika godoro, akavundika ndizi za mbege. Mbege ikaiva, ikachacha, ikamwagwa. Mawingu ya baridi yakashuka mlimani, ukungu ukakaa kwenye migomba mpaka mchana, na barabarani malori yakapita bila kusimama.

"Sawa maana yake nini?" aliniuliza.

"Maana yake sawa, mama."

"Hapana. Amekasirika. Mimi ndiye niliyemkatalia sale mbele ya watu. Sasa mimi ndiye ninayetakiwa kulibeba. Nipeleke Tunduma."

Nilimkatalia, na leo ningemkatalia tena. Kifua chake kilikuwa kimeshaanza kubana, kikohozi kilimzuia kulala, na safari ile ni ya siku na siku. Asingefika hata Chalinze. Nilimwambia baridi ikiisha tutakwenda. Akakubali kwa kichwa. Alikata jani la sale akaliweka chini ya mto wake, tayari kwa safari, na lilipokauka akakata jingine.

Nimonia ilimchukua katika wiki ile ya ukungu mzito kuliko wote. Nilikuwa nimemshika. Hakutoa wosia wowote, aliniuliza tu kama lori lililopita limesimama. Nilimwambia linapunguza mwendo.

Tulipeleka tangazo redioni. Lilisomwa baada ya taarifa ya habari, pamoja na ya marehemu wengine, habari ziwafikie watoto wake popote walipo. Wanaume wa ukoo walichimba kaburi kando ya baba, mahali alipopataka mwenyewe. Nilisimama juu nikitazama kila jembe la udongo linavyotoka. Juu udongo ulikuwa wa kahawia, mlaini, na nyuzi nyeupe bado zimo. Chini, upande wa barabara, ulitokea mstari mweusi mwembamba, na harufu ile ikapanda. Wachimbaji walisimama wakanitazama. Baba mkubwa akauliza kama tuhamie kwingine.

"Hapana," nilisema. Nilivua viatu nikaingia. Niliukwangua ule mweusi kwa panga, nikautoa kwa ndoo, mpaka ukuta ukawa safi. Nguo zangu za msiba ziliharibika. Ndipo tukamlaza.

Mdogo wangu alifika kesho yake. Tulisikia lori likisimama barabarani, likazimwa. Aliteremka kupitia pale palipokuwa na gereji, amekonda, mvi zimemwingia kabla ya wakati, na kwapani amebeba blanketi jipya, zito, bado limo kwenye nailoni. Hakupita nyumbani. Alisimama kati ya makaburi mawili, moja la zamani na moja bichi, na kichwani mwa lile la zamani sale limesimama, la kijani, limefika usawa wa paja.

Nilimfuata. Nilikuwa na maneno mengi, nilikuwa nimeyapanga tangu tangazo lisomwe.

"Ujumbe ulikufikia?"

"Ulinifikia, dada."

"Lini?"

"Masika hayajakwisha."

"Sasa?"

Aliniinulia macho, na nikaona kwamba hakuwa amekasirika hata siku moja. "Nilikuwa nasubiri Desemba," alisema. "Ningepandaje mlimani katikati ya mwaka, mikono mitupu, kama mtu aliyefukuzwa? Nilitaka nimjie Krismasi. Blanketi hili nililinunua wiki ileile niliyopata ujumbe."

Mtu wa kabila lingine angemuuliza Desemba ina nini. Mimi sikuwa na la kuuliza. Kila mmoja wetu angefanya hivyohivyo. Kwetu hatupandi nyumbani kienyeji tu katikati ya mwaka, tunapanda na mizigo, au tunapanda kuzika.

Alimkabidhi baba mkubwa blanketi. Akainama kwenye lile sale, lililopandwa na mama kwenye udongo uliosafishwa na uyoga, akakata jani moja. Akaligeukia kaburi la mama, akanyoosha mikono. Akaligeukia la baba. Halafu akanigeukia mimi, kama mtoto aliyetumwa mahali akakuta mlango umefungwa.

"Nimpe nani?" aliuliza.

Sale halikataliwi. Nilinyoosha mikono yangu miwili nikalipokea. Lilikuwa jani zuri, bichi, halina hata doa la oili. Nikasema yameisha, maana ndivyo inavyosemwa, na sauti iliyotoka ilikuwa yangu, siyo ya mama.